Huyu Ugruk Si wa Kwetu

…na maandazi yamebaki manne kwenye sinia, nikisimama sasa hivi kwenda kuchukua moja nitakuwa nimewapa mgongo pale sauti itakapotoka na hakuna atakayeuona uso wangu, lakini ukumbi wa shule ukijaa hivi kiti kikilia tu kila mtu anageuka, basi kaa, Nauyak, kaa, shika kikombe chako, kahawa imeshapoa lakini kikombe ni kitu cha kushika, na Dokta Hedda bado anahangaika na waya za spika, amepiga magoti mbele ya watu wazima kama mtoto anayetafuta kiatu chini ya kitanda, anasema samahanini jamani, mtambo huu unaona haya mbele ya watu, na watu wanacheka naye kwa sababu wanampenda, mwaka wa nne huu anakuja kwetu, analala sakafuni kwenye darasa la pili, anakula samaki wa kugandishwa na mafuta ya sili bila kukunja uso, akikosea jina lako leo kesho halikosei, laiti angekuwa mtu mbaya, laiti angekuwa na dharau hata chembe, ningejua pa kuielekeza hasira hii, lakini kila mara ananitazama na kunikonyeza kama dada, ngoja wasikie kazi yako, na mimi natabasamu, meno yamekauka, midomo imeganda juu ya meno… safu ya mbele kabisa, kiti cha pembeni, Mjomba Enoch, amevaa koti lake la Krismasi ambalo mkewe Flossie alimshonea manyoya mapya ukosini, amenyoa, amejikata kidogo kidevuni, amekuja mapema kuliko wote kwa sababu leo ni siku yake, miaka yote hiyo alikuwa akisema ugruk, huyu sili wetu mwenye ndevu, wa pwani moja haimbi kama ugruk wa pwani nyingine, na watu wakimwambia sili ni sili, mzee, sili mwenye ndevu ni nyama na ngozi ya mtumbwi, na sasa mtu amekuja na mitambo kutoka chuo kikuu kusema jambo lile lile, kwa hiyo amenyoa… "Haya, tayari," anasema Dokta Hedda, anasimama, anapangusa magoti, "sauti mtakayosikia sasa imetoka hapa hapa kwenu, tarehe ishirini na moja mwezi wa nne mwaka jana, kwenye ufa wa barafu, kilomita nne kutoka ufukweni, na aliyeinasa mnamjua, ni binti yenu, bila masikio yake kazi hii yote isingekuwapo," na mkono wake unanyooka kuelekea kwangu, na makofi, makofi kweli, ya watu waliovaa glavu na wasiovaa, na Mjomba anageuka mzimamzima na koti lake, ananitafuta kwa macho, akinipata anainua kidevu kile chenye damu kidogo, kidevu cha fahari, na mimi nainamia kahawa.

Sauti yangu ndiyo inayotangulia, hilo nilikuwa nimelisahau, nimesahau kwamba nitatangulia kujisikia mwenyewe, "Aprili ishirini na moja, saa nne asubuhi, upepo wa mashariki, ufa una upana wa mita kumi," imara, imechangamka, sauti ya mwanamke anayejua kazi yake, na nyuma yake upepo unavuma, watu wanausikia upepo ule na wanauona ufa, wanaziona mita kumi za maji meusi yanayotoa mvuke, na mimi naona kibanda cha kaka yangu Delbert, ndoo ya mafuta niliyoigeuza nikaikalia, mlango niliouacha wazi kidogo ili upepo uingie kwenye maiki, hata upepo niliufikiria, hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, sikudanganya kwa haraka kama mtu aliyebanwa, nilikaa nikaufikiria upepo… halafu mnyama anaanza, anatoka juu, sauti nyembamba kama filimbi ndani ya chupa, inashuka, inatetemeka, inashuka, na nusu ya njia inakatika, inaruka juu tena, inashuka tena kwa mawimbi mafupi mafupi, mzuri, Mungu wangu, ni mzuri, ukumbi mzima umenyamaza, hata watoto wachanga, kwa sababu sauti hiyo ukiisikia tumbo linajua kwamba jua limerudi na nyama ipo, na mimi namjua huyu mnyama kwa namba yake tu, namba kumi na saba, kwenye diski ya mifano ya kujifunzia ambayo Dokta Hedda alinipa wiki ya kwanza, diski ya zamani aliyorithi kwa profesa aliyestaafu, sauti za pwani mbalimbali bila majina, funza sikio lako, aliniambia, usijali zimetoka wapi, na namba kumi na saba nilijua imetoka wapi kwa sababu profesa yule anakohoa mwanzoni na kutaja kisiwa, kule mashariki kabisa, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku nyingi mno za mashine ya theluji, nikakata kikohozi, nikakata kisiwa, nikabandika sauti yangu.

"Zima hiyo," anasema Mjomba Enoch. Hasemi kwa ukali, anasema kama mtu anayemwambia dereva amshushe hapa. Dokta Hedda anabonyeza kitufe, mnyama anakatika katikati ya kupanda, "Ndiyo, Mzee Enoch?" na Mjomba amesimama, ameweka mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti chake, "Huyo si wetu," anasema, na mtu nyuma anacheka kwa pua, "Si wetu namna gani, mzee?" anauliza Dokta Hedda, na anauliza kweli, ameshachukua kalamu. "Wa kwetu anashuka tu. Anaanzia juu anashuka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anapapasa kila kipandio, mpaka chini kabisa, akifika anaguna. Huyu ameshuka nusu akaruka akapanda. Wa kwetu hapandi. Huyo mgeni. Sijui mmemtoa wapi." Na kutoka nyuma, karibu na mlango, sauti ya Wilbert, mwanawe wa kwanza, binamu yangu, nahodha sasa wa boti yao, mtu wa mzaha tangu tukiwa wadogo, "Baba, leo chai imekumwagikia masikioni!" na ukumbi unapasuka, wanacheka mpaka viti vinalia, hata Flossie anafunika mdomo kwa kitambaa, Mzee wa Chai, Mzee wa Chai, jina lake la utani, na yeye Mjomba anatabasamu, anapunga mkono, amezoea… na Dokta Hedda anasubiri wamalize, anasema ngojeni, ngojeni jamani, mzee hajakosea, hilo ndilo lililonileta kwa furaha, kweli uimbaji huu ni wa visiwa vya mashariki, tunaujua, nami nilipoukuta kwenye rekodi za hapa kwenu, siku nne mfululizo, sikulala, maana yake ni kwamba madume wa mashariki wameanza kufika huku, wanaimba pamoja na wa kwenu kwenye ufa mmoja, hakuna aliyewahi kulionyesha hilo, na uso wake unang'aa, na mimi natamani sakafu hii ya mbao ya mpira wa kikapu ifunguke, ni mjinga nani aliyechagua namba kumi na saba, kwa nini sikuchukua namba tatu, iliyofanana na wetu, nilichukua kumi na saba kwa sababu ilikuwa nzuri, kwa sababu nilitaka anisifu.

"Hawajafika," anasema Mjomba. Bado amesimama, na kicheko kimeisha lakini nyuso za watu bado zina umbo lake. "Wangefika ningewasikia. Machipuko yote yale nilikuwa kule nje, kasia majini, mpini tayani, nikisikiliza kila siku. Hawakuwapo." "Labda walikuwa mbali kidogo na wewe, mzee." "Dokta, sauti ya ugruk inakwenda mbali kuliko macho yako. Hawakuwapo." Na hapo ndipo anapogeuka, najua kabla hajageuka, koti zima linageuka, "Nauyak, mwanangu. Wewe ulikuwa pale. Waambie. Huyu mnyama ulimsikia wewe mwenyewe, pale kwenye ufa, kwa masikio yako?" na si mtego, hana mtego, mjomba huyu hajui kutega watu, anauliza kwa sababu ananiamini, kwa sababu katika ukumbi huu wa watu mia mbili amenihesabu mimi kuwa wa upande wake, na mdomo wangu unafunguka, nausikia ukifunguka, na kinachotoka ni laini kama mafuta, "Ndiyo, mjomba." Maneno mawili. Hata sikumeza mate. Na yeye ananitazama kidogo tu, si kwa shaka, ningependa iwe shaka, ananitazama kama mtu anayekagua kitu chake mwenyewe na kukikuta kimevunjika, "Basi," anasema, "basi ni masikio," na anakaa, na Wilbert nyuma anasema pole, baba, kila kitu kina mwisho, na watu wanacheka tena lakini kidogo, wamemwonea huruma, na huruma ile ni mbaya kuliko kicheko… Dokta Hedda anasema anairudia mara moja, waliokuwa mlangoni hawakusikia vizuri, dakika moja na sekunde ishirini tu, halafu tutachezesha bahati nasibu ya pipa la mafuta, na anabonyeza, na mimi naanza upya, "Aprili ishirini na moja, saa nne asubuhi…"

Nyamaza, wewe mwanamke, nyamaza. Mjomba ameinamisha kichwa, anaangalia mikono yake. Wilbert alishasema wakati wa Krismasi, mbele ya wote, tukila, kwamba mwaka huu baba akae nyumbani na redio, atusikilize redioni, inatosha, na Mjomba alisema hapana, mikono mtakuwa mmeninyang'anya, sawa, lakini nani kati yenu anajua ugruk yuko wapi chini ya barafu kabla hajatoa kichwa, nani, na Wilbert aliinamia sahani yake kwa sababu ni kweli, hakuna, sisi sote tunasubiri kichwa kitoke, yeye peke yake anachovya kasia na kubana mpini tayani na kusema pale, mia mbili hivi, dume, mnene, na ndivyo ilivyo… nilikuwa na miaka kumi na mmoja, alinipigisha magoti ukingoni, usisikilize kwa sikio, alisema, sikio linadanganywa na upepo, sikiliza kwa taya, mfupa haudanganywi, na nilibana ule mti baridi chini ya shavu na kwanza hakuna kitu, halafu meno yangu yakaanza kuimba, nilipiga kelele kwa furaha nikamfukuza mnyama, na yeye hakunifokea, alicheka mpaka akakohoa, akasema umemsikia, wewe ni mmoja wa wanaosikia, na baba yangu alikuwa hai bado, baba aliyetoka mashariki kule kule na mashine moja ya theluji na mbwa mmoja, akiongea redioni kijiji kizima kilimwiga, anaburuta maneno, walisema, anaimba badala ya kuongea, watoto wakanifanya niache kusema maneno yake, na Mjomba pekee alikuwa akimwambia shemeji, sema tena, napenda unavyopanda mwishoni… anapanda, anapanda, hapo ndipo anaporuka yule mnyama, sikia, na mimi nimemchukua mnyama wa pwani ya baba na kumfanya shahidi wa uongo.

Siku sita nilikwenda. Hilo ni la kweli, siku sita za mwanzo Delbert alikuwa mbele yangu na mashine yake na mimi nyuma, nikitazama mgongo wake tu, sikutazama barafu, nikashusha kinasa sauti majini, nikakaa saa nzima nikihesabu, nikarudi nyuma ya mgongo ule ule, rekodi safi, zote zinashuka ngazi na kuguna, halafu Delbert akaitwa kazini kwenye visima vya mafuta, akaniambia njia unaijua, bunduki unayo, tutaonana baada ya wiki mbili, na siku ya saba nilifika mwisho wa nchi kavu, pale changarawe inapokwisha na barafu inapoanza, injini inanguruma chini yangu, na mkono haukukubali kubana mafuta, mkono wangu huu, nilikaa dakika arobaini, barafu nene, nyeupe, haina hata ufa wa nywele, watoto walikuwa wamepita juu yake asubuhi hiyo, niliona alama za sledi yao ya kukokota juu ya theluji, na nikageuza mashine. Na siku ya nane. Na ya tisa. Na ya kumi nilivaa na sikutoka hata mlangoni. Mimi, binti wa watu wanaoishi juu ya barafu nusu ya mwaka… tangu machipuko yale mengine, mwaka juzi, tulipokuwa wanne, Mjomba, Wilbert, Delbert na mimi, tunachuna ugruk ukingoni, na nyuma yetu barafu ikameguka bila sauti, kama mtu anayefungua zipu taratibu asimwamshe mwenzake, tulipogeuka nchi kavu ilikuwa inaondoka, saa tisa nzima tulielea, kipande chetu kikipungua pembeni, Wilbert anaita redioni, Delbert anafunga mizigo, kila mtu na kazi yake, na mimi nimekaa juu ya sledi nimeishika kwa mikono miwili na nikahisi joto linashuka mapajani, nikajua ni nini, mwanamke wa miaka ishirini na minne, suruali nzima, mvuke unapanda mbele ya macho yangu, na Delbert anageuka kuja kunipa kamba… na Mjomba Enoch, aliyekuwa amesimama na kikombe chake na chupa ya chai, akajikwaa. Akajikwaa pasipo na kitu. Kikombe na chupa vyote mapajani kwangu, chai tele, vuguvugu, na yeye anapiga kelele, "Aka! Mikono hii! Tazama, nimemmwagia mtoto chai yote, mikono imezeeka, haifai, haifai hata kwa mbwa!" na wao wakacheka, katikati ya kuelea vile walicheka mpaka wakainama, hata mimi nikacheka, na mpaka helikopta inakuja suruali yangu ilikuwa suruali iliyomwagikiwa chai. Hakunitazama machoni. Hakuwahi kulitaja, hata tukiwa wawili, hata nilipompelekea supu ya bata nikakaa saa nzima jikoni kwake nikitafuta neno la kuanzia, aliniuliza tu hali ya mama.

Na nikamwacha awe Mzee wa Chai. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, liseme hilo sasa ndani ya kichwa chako kama huwezi kulisema nje, nilimwacha, hadithi ile ilizunguka kijiji, ilisimuliwa dukani, ilisimuliwa kanisani, kila ikisimuliwa mikono ya Mjomba ilizidi kutetemeka, na machipuko yaliyofuata Wilbert akachukua usukani wa boti, kwa wema, akasema baba pumzika, mikono yako uliiona mwenyewe siku ile, na Mjomba akampa, hakusema hapana, hakusema mikono yangu haina kitu, muulizeni Nauyak, alimpa mwanawe usukani alioushika miaka thelathini na saba kwa sababu ya mkojo wangu, na mimi nilikuwepo pale ufukweni, nilikuwa nimeshika kamba, nilisema hongera, binamu. Akabakiwa na masikio. Na leo, mchana kweupe, mbele ya watu mia mbili, amesimama na koti lake la Krismasi akaniomba neno moja nami nikayachukua masikio pia… na sasa yule mnyama anafika kwenye mawimbi mafupi, zimebaki sekunde ishirini, labda ishirini na tano, watoto wawili mbele wanamwiga, wanapandisha vidole, Dokta Hedda amefumba macho anasikiliza, masikini, atakwenda kwenye mkutano wake mkubwa na jina langu likiwa la pili, chini ya lake, atasimama mbele ya wataalamu na kuwaambia wanyama wamehama ambao hawakuhama, na mimi nimekuwa nikiogopa hilo, usiku na mchana nimekuwa nikiogopa tarehe zile, faili zile, kikohozi kile cha profesa, kana kwamba hapo ndipo aibu ilipo, ningeweza hata kuungama hilo, najiona nikiungama, Dokta, rekodi nne zina kasoro, mashine ya theluji iliharibika, nilikuwa naumwa, dhoruba, nikaona nisikupotezee muda… tayari nina sababu tatu mkononi na sijasimama hata. Yote yanaweza kusemwa isipokuwa lile moja. Na ni lile moja analolijua Mjomba peke yake, amelijua miaka miwili, amelibeba kwa mikono yake mizima mpaka likaichukua mikono, na kama angelifungua leo, kama angesema tu, huyu mtoto anaogopa barafu, mimi nilimwona, basi angekuwa ameshinda hapo hapo, ukumbi mzima ungeelewa, na hakulisema, ndipo ninapoona, ndipo, Mungu wangu, alivyonitazama ile mara ya mwisho, hakukubali kwamba masikio yake yamekwisha, alijua, alichagua, alisema basi ni masikio kama alivyosema mikono imezeeka.

Kiti kimelia. Ni changu. Nimesimama na kikombe bado mkononi, watu wa safu yangu wananitazama, na Dokta Hedda anafumbua macho, anafurahi, hapunguzi sauti sana, kidogo tu, "Jamani, Nauyak ana la kuongeza," na maiki inakuja mkono kwa mkono, kutoka kwa mwalimu mkuu, kwa mama mwenye mtoto, kwa mzee aliyesinzia, kila mmoja ananipasia kama sahani ya chakula, inafika, ina joto la mikono yao, na Mjomba hajageuka, naona ukosi wa manyoya na shingo tu, naona anatikisa kichwa, polepole, hapana, ananiambia hapana kwa shingo, kaa chini, mtoto, na magoti yangu karibu yamtii. "Mjomba yuko sahihi," nasema, sauti yangu kwenye maiki ni ndogo, siijui, si ile ya mwanamke wa saa nne asubuhi, "huyu si wa kwetu. Sikumnasa mimi. Nilimtoa kwenye diski. Siku nne zile sikwenda barafuni," na naona kalamu ya Dokta Hedda imesimama juu ya karatasi, naona uso wake unatafuta mzaha uko wapi, haupo, dada, nisamehe, haupo, na minong'ono inaanza kwenye viti vya nyuma, na Wilbert, Wilbert ambaye hana ubaya, Wilbert anayenipenda, anapaza sauti kutoka mlangoni kuniokoa, "Mashine si iliharibika, binamu? Ile klachi si ndiyo ilikusumbua mwezi ule?" na ni kweli klachi ilisumbua, iko pale, imefunguliwa wazi kama mlango wa nyumba yenye moto ndani, watu wanaitikia kwa vichwa tayari, klachi, ndiyo, klachi, hatua moja tu na mimi nimo ndani na joto limenifunika… "Mashine ilikuwa nzima, binamu," nasema. "Niliogopa. Naogopa barafu. Tangu siku ile tulipoelea, wala ile haikuwa chai," na limeshatoka, uso unawaka mpaka kwenye nywele, watu mia mbili wananitazama suruali kana kwamba bado imelowa, na ni kama imelowa kweli, nimesimama ndani yake, hakuna anayecheka, hakuna anayejua bado kama inafaa kucheka, mkono wa Dokta Hedda uko njiani kuelekea kwenye kitufe na haujafika, na Mjomba Enoch anageuka, pole pole, koti zima, na kabla sijaweza kuuona uso wake…